Kichupa cha Pili

Famasia ya mtaani hujaza rafu kwa dawa zinazotoka. Paracetamol hutoka kutwa nzima, na hata ikikaa miezi haimpi mwenye duka wasiwasi. Insulini inadai friji isiyozimwa, tarehe yake ya mwisho haisubiri mtu, na wateja wake katika mtaa mzima pengine hawafiki kumi. Mwenye duka aliyewahi kutupa vichupa vitano vilivyopitwa na wakati ataagiza viwili safari ijayo, na ni vigumu kumlaumu, kwa kuwa hasara ile ilitoka mfukoni mwake. Ndiyo maana akiba ya insulini dukani huwa ndogo hata siku ambazo hakuna anayelalamikia uhaba. Gari la msambazaji likichelewa wiki moja, au mgonjwa mmoja mgeni akihamia mtaani, friji inabaki na soda na chanjo za kuku, na mteja anaambiwa ajaribu tena Jumatatu. Hoja ya sura hii ni moja. Akiba ya kukabili uhaba huo inapaswa kukaa nyumbani kwa mgonjwa, kichupa kimoja kizima ambacho hakijafunguliwa, na kazi ya kuhakikisha anacho ni ya kliniki na mfumo mzima wa afya. Isiachiwe wale wachache wenye uwezo wa kukinunua.

Ili kuona kwa nini wiki moja ni ndefu, tutenganishe kwanza wagonjwa wa aina mbili. Mwenye kisukari aina ya 2, hata yule aliyefikia hatua ya kuchoma sindano, mara nyingi kongosho yake bado inatoa insulini kidogo. Akikosa dawa siku chache sukari itapanda, atachoka, atakojoa mara kwa mara, na madhara ya macho, figo na miguu yatasogea karibu zaidi. Lakini kwa kawaida anao muda wa kutafuta. Mwenye aina ya 1, ambaye mara nyingi ugonjwa humwanza akiwa mtoto au kijana, hana insulini yake ya kutegemea. Sindano ikikosekana, mwili wake unashindwa kutumia sukari iliyomo kwenye damu na kuanza kuunguza mafuta, damu inajaa asidi, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kuanza kutapika, kuumwa tumbo na kuhema kwa nguvu huku pumzi ikinuka kama tunda lililovunda. Hali hiyo huua. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson alipochomwa insulini katika hospitali ya Toronto, hapakuwa na daktari popote duniani aliyeweza kumwokoa mtoto wa namna hiyo. Aliweza tu kumchelewesha kwa kumnyima chakula. Kwa hiyo tunaposema dawa haipo kwa wiki moja, kwa mgonjwa mmoja tunazungumzia usumbufu mkubwa na kwa mwingine tunazungumzia uhai wenyewe, ingawa wote wawili wamesimama kwenye foleni moja mbele ya dirisha moja la dawa.

Sababu ya uhaba hutafutwa kwa kawaida bandarini au wizarani, na kweli zipo sababu huko. Lakini ipo nyingine inayozaliwa ndani ya kituo chenyewe, kwenye daftari la stoo, na kwa maoni yangu haizungumzwi vya kutosha. Kituo huagiza kwa kuangalia kilichotumika. Tuchukue mfano wa kituo chenye wagonjwa 30, kila mmoja akimaliza kichupa kwa mwezi. Kwa miezi miwili kinahitaji vichupa 60. Vikaletwa 40, vikaisha siku ya arobaini. Daftari litaonyesha kwamba katika miezi miwili zimetumika chupa 40, na hesabu hiyo ni sahihi kabisa kama hesabu, ila haina hata alama ya wagonjwa waliorudishwa mikono mitupu kwa siku 20 zilizobaki. Fomu nzuri ya ugavi huuliza pia siku ambazo dawa haikuwepo, ili mwagizaji aongeze kiasi kinacholingana. Isipojazwa, au ikijazwa sifuri kwa mazoea, ombi la awamu ifuatayo litasema kituo kinahitaji 40. Maombi ya namna hiyo yakijumlishwa wilaya kwa wilaya hadi yafike Bohari ya Dawa ya Tanzania au KEMSA ya Kenya, nchi nzima inaonekana kuhitaji insulini pungufu ya ile inayohitaji, na kila uhaba unaandaa mwenzake. Mgonjwa aliyekosa dawa hakuacha maandishi yoyote. Alikwenda kuitafuta mji mwingine, au alipunguza yuniti, au alikufa kijijini kwa kile ambacho ndugu zake waliita malaria iliyompanda kichwani.

Juu zaidi ya daftari hilo kuna dunia ambayo mfamasia wa Singida au Kisii hana sauti ndani yake. Kampuni tatu, Novo Nordisk ya Denmark, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa, zinashika zaidi ya sehemu 90 kwa mia ya soko la insulini kwa thamani. Waliogundua dawa hii walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki za ugunduzi kwa dola 1 kila mmoja, ili asitokee mtu wa kuihodhi. Miaka mia moja baadaye mlango wa soko ni mwembamba kiasi kwamba uamuzi wa bodi moja unasikika mabara yote. Machi 2024 Lilly ilitangaza kwamba baadhi ya vichupa vyake vitapungua kwa muda katika maduka ya Marekani kwenyewe. Mwaka huo huo Novo Nordisk ilikuwa ikiiondoa insulini yake ya Levemir katika soko la nchi hiyo. Afrika Kusini, ambako hospitali za umma zilikuwa zimezoea kutoa kalamu za insulini ya binadamu, mkataba ulipokwisha kampuni hiyo haikuomba zabuni tena, na wagonjwa, wakiwemo wazee wenye macho hafifu, wakarudishwa kwenye vichupa na mabomba ya sindano. Hakuna mfamasia yeyote wa nchi hizo aliyezembea. Na kama rafu za nchi tajiri zinaweza kutikisika hivyo, ahadi kwamba rafu zetu hazitakuwa tupu tena haiwezi kuwa mpango wa mtu kutegemea mwaka huu.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Kichupa cha kawaida kina mililita 10, kila mililita ina yuniti 100, jumla yuniti 1,000. Mtu mzima anayejichoma yuniti 40 kwa siku humaliza kichupa kwa siku 25. Asiye na akiba huenda dukani akiwa amebakiwa na dozi za siku mbili tatu, na akikuta haipo tayari yuko hatarini. Mwenye kichupa cha pili huenda kutafuta siku ile anapokifungua, na mbele yake ana siku 25. Kipya kikipatikana, hicho ndicho kinachowekwa akiba, na cha zamani kinaendelea kutumika, hivyo akiba haizeeki. Tofauti ya watu hawa wawili ni kichupa kimoja kilichotolewa mara moja tu.

Wafamasia wengi watapinga hapa kwamba kumwambia kila mgonjwa aweke akiba ni kuwafundisha watu kuficha dawa, na kwamba ufichaji ndio unaomaliza rafu haraka zaidi. Pingamizi hili ni la haki, na lingekuwa sahihi kabisa kama akiba ingekusanywa wakati dawa imeshapungua. Mtu mmoja akibeba vichupa sita wiki ya uhaba, watano wanakosa. Ndiyo sababu wakati wa kujenga akiba ni pale mzigo unapokuwa umetoka kufika, na kiwango ni kimoja kwa kila mtu, kikiandikwa kwenye kadi ya kliniki. Matumizi ya mwezi hayaongezeki hata kwa yuniti moja. Kinachoongezeka, kwa kituo chetu cha mfano, ni vichupa 30 mara moja katika maisha ya mpango. Uhaba ukishafika kanuni inageuka: kila mmoja apewe kinachomfikisha awamu ijayo na si zaidi, na vikiwa havitoshi, wa aina ya 1 watangulie. Najua ni uchungu kumwambia mzee mwenye aina ya 2 asubiri ili mtoto apewe. Uamuzi huo hata hivyo hufanyika kila siku bila kusemwa, kwa utaratibu wa anayewahi foleni, na utaratibu huo ni mbaya zaidi kwa wote.

Pingamizi la pili ni joto. Watu husema akiba ya nyumbani ni ya wenye friji, na kaya nyingi hazina. Hapa tuna ushahidi uliopatikana karibu nasi. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, ambako vipimajoto vilicheza kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana, kisha wakaiweka insulini maabara katika mabadiliko hayo hayo kwa wiki 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba haikupoteza zaidi ya sehemu 1 kwa mia ya nguvu yake. Hilo halimaanishi kwamba insulini inaweza kuachwa kwenye dashibodi ya gari au juu ya bati. Linamaanisha kwamba kukosa friji si sababu ya kumnyima mtu kichupa cha mwezi mmoja wa ziada. Chungu kidogo kikiwekwa ndani ya kikubwa, mchanga katikati yake, mchanga huo ukinyweshwa maji asubuhi na jioni na mdomo ukafunikwa kwa kitambaa kibichi, joto la ndani hushuka nyuzi kadhaa. Kichupa kikae kwenye kopo lenye kifuniko ili kisiguswe na maji, na chungu kikae kivulini penye upepo. Njia hii hufanya kazi vizuri Dodoma na Garissa kwenye hewa kavu kuliko Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe imeshashiba unyevu na maji hayakauki upesi.

Kwa kweli baridi inaogopesha zaidi. Wagonjwa wengi huhifadhi dawa kwenye friji ya duka la jirani, na muuza duka kwa wema wake huisukuma ndani kabisa, ikagusa ukuta wa barafu. Insulini iliyoganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi machoni. Ile ya maji meupe, inayopaswa kuwa angavu kama maji ya kunywa, ikishakuwa na ukungu haifai. Na ile ya rangi ya maziwa, ikibaki na vipande au ikafanya chembe kama theluji ukutani mwa kichupa hata baada ya kuviringishwa taratibu viganjani, nayo imekwisha. Mahali pake ni katikati ya friji au mlangoni, na muuza duka aelezwe hivyo kwa mdomo, siyo kwa kudhani anajua.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Mtu anayenunua kichupa kimoja kwa kukopa hawezi kuambiwa anunue viwili, na ushauri wowote unaoanza na "nunua cha ziada" unamhusu tu yule ambaye hali yake ilikuwa nafuu tangu mwanzo. Nakubali, na ndiyo sababu nasema kichupa cha pili kitolewe na mfumo. Si ndoto ya gharama isiyofikika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ Global Health ulikadiria kwamba insulini ya binadamu inaweza kuzalishwa na kuuzwa kwa faida kwa dola 48 hadi 71 kwa mgonjwa kwa mwaka mzima. Kichupa kimoja cha akiba ni sehemu ndogo ya hizo, na kulazwa kwa siku chache katika chumba cha uangalizi kwa sababu ya asidi kwenye damu kunagharimu familia na hospitali pakubwa zaidi. Tayari tunao mfano. Programu za Changing Diabetes in Children na Life for a Child huwapa watoto na vijana katika nchi zetu insulini, vipimo na elimu bila malipo, na kliniki zilizomo zimeonyesha kwamba mgonjwa anaweza kukabidhiwa dawa ya zaidi ya mwezi mmoja na akaitunza. Lakini programu hizo zina ukomo wa umri. Kijana aliyeokolewa akiwa na miaka 8 anafika utu uzima, anatafuta kazi, na katika miaka hiyo hiyo anaambiwa ajitegemee kwa dawa ambayo hawezi kuacha hata siku moja. Hapo ndipo bima inapaswa kumpokea, na pale ambapo haijafika, vikundi vya wagonjwa vinaweza kununua kwa pamoja kama vikoba na vyama vinavyofanya kwa mambo mengine. Naliweka hili kama daraja la muda, maana si haki kumwachia maskini agharimie udhaifu wa ugavi wa taifa.

Kichupa cha pili hununua siku tu. Kinachofanyika ndani ya siku hizo ni jambo jingine, na hapa maarifa madogo huokoa. Mgonjwa anayeulizia Mixtard 30 akaambiwa haipo anaweza kuondoka dukani huku Humulin 70/30 iko ndani ya friji ile ile. Majina yanatisha, lakini mchanganyiko ni mmoja: sehemu 30 za insulini ya haraka na 70 za ile ya polepole, kampuni moja ikitaja namba ndogo tu na nyingine ikitaja zote mbili. Vivyo hivyo Actrapid na Humulin R ni za haraka, Insulatard na Humulin N ni za polepole. Kubadili kampuni ndani ya aina ile ile kwa kawaida hufanyika yuniti kwa yuniti, mfamasia au muuguzi akijua na sukari ikipimwa mara nyingi zaidi siku za mwanzo. Kubadili aina, kwa mfano kuchukua ya haraka mahali pa ile ya mchanganyiko, ni uamuzi wa daktari. Kadi ya kliniki ingeandika aina kwa maneno hayo ya kawaida, pamoja na mbadala wake, mgonjwa angeweza kuionyesha kwenye duka lolote bila kutegemea kumbukumbu.

Hatari ipo kwenye mabomba. Kuna vichupa vya yuniti 40 kwa mililita, vinavyotumika sana India, na vinaweza kuingia katika mzigo wa dharura au mkoba wa ndugu aliyesafiri. Bomba lake kwa kawaida lina kifuniko chekundu. Bomba la yuniti 100 lina cha rangi ya chungwa. Mtu akivuta dawa ya yuniti 40 kwa bomba la chungwa hadi alama ya 20, amepata yuniti 8, na sukari itapanda bila yeye kuelewa kwa nini. Akifanya kinyume, akavuta ya yuniti 100 kwa bomba jekundu hadi alama hiyo hiyo, amejichoma yuniti 50, na anaweza asiamke. Kila anayepokea kichupa kisicho cha kawaida yake asome namba ubavuni kabla ya kuchomeka sindano.

Jambo ninaloliogopa kuliko rafu tupu ni kile ambacho watu hufanya kimya kimya wanapoiona. Wanagawa dozi nusu ili kichupa kifike mwisho wa mwezi. Hata New Haven, Marekani, uchunguzi wa kliniki ya Yale uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanne amepunguza insulini kwa sababu ya gharama. Wengine huhamia kwa muuza miti shamba anayewaambia kwamba mlonge au mdalasini utaondoa haja ya sindano. Kwa mwenye aina ya 1 hakuna mmea wowote unaofanya kazi hiyo, na anayemwambia vinginevyo anamweka kaburini. Aliyebakiwa na dozi chache aende kliniki mapema na aseme hivyo waziwazi, kwa maana hospitali nyingi huweka insulini ya haraka kwa ajili ya wagonjwa wa dharura. Asiache kabisa sindano ya polepole. Kichupa kilichopitisha wiki zake nne tangu kufunguliwa, kikiwa bado safi machoni, ni bora kuliko kutochoma kabisa wakati anatafuta kingine, mradi apime sukari zaidi ya kawaida. Akianza kutapika au kuhema kwa nguvu, asisubiri kupambazuke.

Watakaosema kwamba yote haya yanaiondolea serikali wajibu wana sababu ya kuwa na mashaka, maana mara nyingi mgonjwa wetu hupewa ushauri pale alipostahili kupewa dawa. Lakini akiba ya nyumbani, ikisimamiwa na kliniki, inafanya kitu ambacho rafu haiwezi: inaonyesha uhaba kabla haujamdhuru mtu. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2022 lengo kwamba ifikapo 2030 kila mwenye kisukari aina ya 1 apate insulini na vifaa vya kujipima kwa bei anayoimudu. Lengo hilo litapimwa kwa nini, kama daftari la stoo linahesabu chupa zilizotoka tu? Muuguzi anaweza kuuliza swali moja kila mgonjwa anapofika: una kichupa ambacho hakijafunguliwa nyumbani? Jibu likiandikwa kwenye rejista, kituo chenye wagonjwa 30 kitaona mwezi huu 28 wanacho, mwezi ujao 19, na ule unaofuata 7, wakati kila mmoja wao bado anachoma dozi kamili. Ombi la dharura linapaswa kuondoka kituoni pale kwenye 19, likiwa na idadi ya watoto waliomo miongoni mwa 11 ambao akiba yao imeshafunguliwa.